Mkonga umeliwa na kutu: uchomelee au uusuke upya? Anza na chasisi

Huku pwani ukiwa na Land Cruiser pikapu ya zamani, zile HZJ75 na 79 tunazoita mkonga, swali hili litakufikia tu, na wengi wakija gereji wanachokuonyesha ni mlango uliotoboka na bodi la nyuma linalomwaga mchanga njia nzima. Hivyo ndo vya mwisho kuangalia. Bati la mlango halibebi kitu, gari inabebwa na chasisi, kwaiyo kabla hujapokea bei ya fundi bodi wala kuanza kuwaza rangi, ingia chini.

Na ingia ikiwa imeoshwa. Piga maji ya presha mpaka ndani ya chasisi yenyewe, mana chasisi ya mkonga imefungwa pande zote nne, sio kama ya Fuso ambayo upande mmoja uko wazi na kila kitu unakiona. Tope na chumvi vinaingia kwenye vile vitundu vya pembeni vinakaa humo miaka, chuma kinalika kutokea ndani huku nje rangi bado ipo. Zilizobeba samaki ndo zina hali mbaya kuliko zote, barafu inayeyuka, maji ya chumvi yanashuka moja kwa moja juu ya ekseli ya nyuma kila siku ya Mungu. Ukikuta gari ya hivyo imepakwa andakoti, ile rangi nzito ya kuzuia kutu chini ya gari, nyeusi inang'aa wiki ile ile inayouzwa, kuwa makini sana.

Chukua nyundo ndogo, bisibisi nene na chaki. Anzia mbele pale inapofungwa stelingi boksi, rudi nyuma taratibu ukigonga kila baada ya kiganja, juu, chini na pembeni, upande wa kulia ukiisha nenda kushoto. Chuma kizima kinalia na nyundo inaruka mkononi. Kilichooza kinatoa mlio mfu na magamba yanadondoka, hapo shindilia bisibisi kwa nguvu zako zote, ikipenya zungushia chaki. Usiogope kutoboa, mana kama bisibisi ya mkono inapita basi gunia kumi za mkaa kwenye tuta zingepita tu. Pa kukaa muda mrefu ni kwenye henga za springi (vishikio vinavyofunga springi kwenye chasisi), kwenye mikono inayoshika kebini, kwenye krosmemba (vyuma vya kukatisha vinavyounganisha chasisi kulia na kushoto), na ule mkunjo chasisi inapopanda juu ya ekseli ya nyuma. Kwa 79 ambayo mbele ina koili, kagua na minara ya koili.

Ukimaliza fanya vipimo viwili vya haraka. Piga jeki kona moja ya chasisi mpaka tairi liachie ardhi kidogo, alaf fungua na ufunge mlango wa upande ule: kama ulikuwa unafunga vizuri na sasa unagoma au unakwaruza, ama chasisi inajikunja ama mikono ya kebini imekufa. Alaf futi kamba: chagua bolti mbili mbele na mbili nyuma zilizo sehemu zinazofanana kulia na kushoto, pima kona kwa kona mfano wa X. Milimita chache sio ishu, ikizidi sentimita moja jua imepinda, na chuma kilichooza huwezi kukinyoosha kitachanika.

Sasa simama uangalie chaki zako ziko wapi, uamuzi unatoka hapo. Kama ni tundu moja au mawili kwenye sehemu iliyonyooka, katikati ya krosmemba na krosmemba, mbali na springi, chomelea na ulale usingizi. Kama chaki iko kwenye henga, au kwenye stelingi boksi, au kulia na kushoto mahali pale pale, mimi sichomelei, hiyo ni chasisi nyingine, yani kusuka upya. Watu watasema fundi anataka hela. Kule Marekani ambako barabara zinamwagwa chumvi wakati wa barafu, Toyota wenyewe kwenye makubaliano ya 2016 ya pikapu zao za Tacoma na Tundra zilizooza walikubali kubadilisha chasisi nzima, na kipimo kilikuwa tundu la milimita 10 tu, yani kidole chako kidogo.

Kwa wanaochomelea, simamieni kazi, viraka vingi vinakatika sio kwa sababu kutu imerudi ila vilipachikwa vibaya. Chuma kilichooza kikatwe chote mpaka ufikie kizima kinachong'aa, kiraka hakishiki juu ya magamba. Pleti iwe na unene unaokaribiana na chasisi yenyewe, ukiweka nene mara mbili chasisi itapasuka pembeni ya kiraka. Ncha za pleti zikatwe kwa mshazari kama almasi, msitari wa welding usishuke wima kukatisha chasisi mana hapo ndo itavunjikia. Kabla ya moto toa betri, shusha tenki, sogeza mipaipu ya breki, na kama chini ilipuliziwa oili chafu isafishwe yote, ile inawaka.

Upande wa kubadilisha chasisi, shida kubwa huwa makaratasi. Namba ya chasisi ndo gari yenyewe, iko kwenye kadi. Nunua chasisi yenye risiti na historia inayoeleweka, na ulizia TRA, mamlaka ya mapato, utaratibu wa kubadilisha taarifa KABLA hujalipa, sio gari ishafungwa. Kuna mtu atakushauri mkate kipande chenye namba ya zamani mkichomelee kwenye chasisi mpya. Kataa kabisa, hivyo ndo wanavyofanya wezi wa magari na polisi hawatakuuliza nia yako ilikuwa nini.

Alaf ndo urudi kwenye kebini. Chukua sumaku uizungushie kitambaa chembamba, ipitishe kwenye nguzo za milango, vizingiti na chini ya kioo cha mbele, isiponasa hapo kuna puti sio chuma. Sakafu iliyotoboka inabadilishika, milango inapatikana Gerezani, Dar es Salaam. Ila nguzo zenye bawaba zikiwa zimeoza pamoja na chasisi, hapo huna gari, una injini na giaboksi zinazosubiri bodi, na ni bora uuze vipande kuliko kuunganisha.

Ndo maana hesabu yako ianzie kwenye injini. 1HZ, silinda 6, lita 4.2, dizeli isiyo na tabo, kama inawaka asubuhi bila moshi mzito na giaboksi haitoki gia, kusuka upya kuna maana mana vitu vya bei kubwa unavyo tayari. Kama nayo inataka kushushwa, jumlisha kabla hujaanza, sio kati kati. Kwenye bei ya fundi ongeza kama theluthi, mana bolti za kebini zitakatika, mipaipu ya breki itatoboka ukiigusa, bushi na raba hazirudi. Jumla hiyo iweke pembeni ya bei ya mkonga mzima uliotoka bara, Singida au Dodoma, ambako hewa ni kavu na hakuna bahari. Mara nyingi wa bara unashinda, na huo wa kwako unakuwa spea zake.

Ukiamua kusuka, kabla kebini haijapanda tena juu ya chasisi pulizia nta ya kuzuia kutu NDANI kupitia vile vitundu, hakikisha matundu ya kutolea maji yako wazi, na gari ya samaki iwekewe trei yenye mpira unaoshusha maji nyuma kabisa, yasipite kwenye chasisi.