Kutoa Otomatiki na Kuweka Gia za Mkono kwenye Toyota 110: Somo na Maswali

Somo hili ni la Corolla 110 yenye injini ya 5A-FE, ile ya cc 1500. Nimelichagua kwa sababu vipuri vyake bado vimejaa Nairobi, na kwa sababu Toyota wenyewe waliliuza kwa otomatiki na kwa manyuali. Hiyo sababu ya pili ndiyo nzito. Kiwanda kikiwa kilitengeneza gari lako kwa namna zote mbili, kila bolti unayoihitaji ipo mahali fulani mjini na kazi yako ni kufungua na kufunga. Kikiwa hakikutengeneza, unaanza uhandisi, na uhandisi haufanyiwi kwenye kabro ya ploti huku keateka anakuchungulia dirishani.

Tuanze na mfuko. Kama otomatiki yako ni nzima, iache. Uza gari, ongeza kidogo, nunua la manyuali. Kazi hii inaleta maana pale giaboksi imeshakufa (inateleza, inachelewa kushika ukiweka D, oili nyeusi inayonuka kuungua), bodi na injini bado ziko imara, na otomatiki nyingine ya mtumba ni bahati nasibu. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Hewa ni nyepesi, na injini ndogo isiyo na turbo inakosa pumzi. Ukipanda kuelekea Limuru na watu wanne ndani, gia za mkono zinakupa uamuzi wa kushusha mapema badala ya kungoja boksi ijifikirie. Kwenye foleni ya Mombasa Road saa kumi na moja jioni, goti la kushoto litakukumbusha ulichofanya.

VIPURI

Usinunue giaboksi peke yake. Tafuta gari la manyuali linalochinjwa, au hafukati (nusu ya mbele ya gari iliyokatwa), ununue kila kitu kutoka gari moja.

Ukifika Kirinyaga Road, ambayo wengi wetu bado tunaiita Grogan, ukiuliza giaboksi ya manyuali ya 110 utaletewa kabla hujamaliza sentensi. Utaambiwa ni "kamili". Kamili ya dalali ni giaboksi na labda uma wa klachi. Vitu vidogo ambavyo hakukupa ndivyo vitakavyoliacha gari juu ya stendi wiki nzima ukizunguka na bodaboda ukitafuta bano moja.

Kwa hiyo simama pale gari linapochinjwa na uhesabu mwenyewe: giaboksi na mauntingi zake pamoja na mabano, flaiwili (gurudumu zito la nyuma ya injini ambalo klachi hukaa juu yake) na bolti zake, stata, lile bati jembamba linalokaa kati ya injini na giaboksi, pedali ya klachi, pedali ya breki na bano lao, masta ya klachi (pampu inayosukumwa na pedali) na kikopo chake, paipu ya chuma, hozi na slevu (silinda ndogo inayosukuma uma wa klachi), kebo mbili za gia na kitako chenye kijiti cha gia, draivshafti zote mbili (zile zinazozungusha magurudumu), kompyuta ya injini. Swichi ya rivasi na ya klachi zikatwe pamoja na plagi zake, waya ziachwe ndefu. Mwenye kisu akikata waya karibu na plagi, mwambie aache, hiyo plagi haina kazi tena.

Draivshafti wengi huzidharau kwa sababu zinafanana. Pima urefu, hesabu meno ya ndani. Za otomatiki na za manyuali zinaweza kutofautiana, na draivshafti fupi haitakuambia chochote mpaka siku gurudumu liangukie shimo.

Giaboksi yenyewe ijaribu kabla ya kulipa. Zungusha shafti ya kuingilia kwa mkono, ingiza kila gia, sikiliza beringi. Fungua nati ya chini, mwaga oili kidogo kiganjani. Ung'avu wa dhahabu ni sinkronaiza zilizolika, boksi inaweza bado kutumika kwa bei ya chini. Vipande vya chuma unavyoweza kuvishika kwa kucha, rudisha nati na uondoke.

Vya kununua vipya: klachi pleti, presha pleti, rilizi beringi, sili ya nyuma ya kranki (shafti kuu ya injini), sili za draivshafti. Flaiwili ipeleke kwa mtu wa leti (mashine ya kuchonga chuma), Kariobangi Light Industries wako wengi, isawazishwe uso.

HATUA YA 1: KUPANDISHA

Stendi nne za chuma. Kama uko kwenye kabro au murram, weka ubao mnene chini ya kila stendi, maana mguu wa stendi huzama polepole bila kelele. Jeki ni ya kupandisha tu, na mawe ya ujenzi huvunjika ghafla. Sukuma gari kwa nguvu zako zote kabla hujaingia chini. Likitikisika juu ya stendi, shusha uanze upya.

Chomoa betri.

HATUA YA 2: KUTOA OTOMATIKI

Mwaga ATF (oili ya giaboksi ya otomatiki) kwenye beseni. Oili hiyo usiimwage kwenye mtaro. Weka kwenye mkebe upeleke gereji wanakokusanya oili chafu.

Toa betri na trei yake, kisanduku cha hewa, stata, draivshafti, kebo ya gia, na ukiona kebo nyembamba inayotoka kwenye throto kuelekea giaboksi, hiyo pia. Paipu mbili za ATF zinazokwenda kwenye rejeta zing'oe. Kwenye rejeta ziba zile pua mbili kwa vifuniko vya mpira. Maji ya injini hayapiti humo.

Kuna dirisha dogo linaloonyesha bolti za toku konvata (chombo cha oili kinachounganisha injini na otomatiki). Ziko sita. Zungusha kranki kwa spana, moja moja itajitokeza. Konvata itoke pamoja na giaboksi. Ukivuta boksi huku konvata imebaki kwenye injini, utaoga ATF. Kabla ya kulegeza mauntingi, shikilia injini kutoka juu kwa chuma kilichopitishwa juu ya chumba cha injini, au kutoka chini kwa jeki na kipande cha mbao. Kisha watu wawili. Otomatiki na konvata yake ni nzito, na kifua si mahali pa kuipokelea.

HATUA YA 3: PEDALI

Hapa ndipo jumamosi inapoishia. Utalala chali, mgongo kwenye kizingiti cha mlango, kichwa chini ya dashibodi, tochi mdomoni. Ng'oa pedali ya breki iliyo pana pamoja na bano lake, weka bano la manyuali lenye zote mbili. Toa godoro la kuzuia kelele kwenye bati la mbele. Kwenye 110 nyingi utaona alama iliyogongwa mahali masta ya klachi inapokaa. Ukikuta hakuna, tumia gasketi ya masta yenyewe kama kielelezo. Toboa kutoka ndani kwenda nje ukiwa na mtu upande wa pili anayeangalia waya na paipu za breki. Paka rangi ukingo wa shimo siku hiyo hiyo, bati likibaki uchi litaota kutu.

HATUA YA 4: FLAIWILI NA KLACHI

Toa lile sahani jembamba la otomatiki pamoja na spesa zake. Badilisha sili ya nyuma ya kranki sasa. Ikivuja baadaye utashusha giaboksi nzima kwa kipuri cha bei ya chai.

Hesabu matundu ya flaiwili na ya kranki kabla ya kunyanyua. Tumia bolti za flaiwili, si zile za sahani ya otomatiki, urefu ni tofauti. Kaza kwa mtindo wa nyota, kwa toku renchi (spana inayopima nguvu ya kukaza), kipimo cha kitabu cha injini. Bolti za presha pleti ni ndogo, kama 19 Nm tu, na vijana wa mkono mzito huzikata.

Osha uso wa flaiwili kwa dawa ya breki. Klachi pleti ina maandishi ya upande wa flaiwili, yasome. Isawazishe kwa kifaa cha plastiki kinachokuja na seti ya klachi, au kwa shafti ya giaboksi chakavu. Grisi kwenye meno ya shafti iwe kidogo tu. Inayozidi hurukia pleti.

HATUA YA 5: GIABOKSI

Ipandishe ikiwa sawa na injini, isining'inie kwenye shafti. Ikikataa kuingia sentimita mbili za mwisho usiivute kwa bolti. Weka gia ya nne, zungusha shafti ya draivu taratibu mpaka meno yakutane. Ikiingia utaisikia.

Oili ni lita 1.9, 75W-90 ya GL-4. Jaza mpaka imwagike kwenye tundu la pembeni.

HATUA YA 6: WAYA

Otomatiki ina swichi ubavuni inayojua uko P, R, N au D. Kazi yake mbili utazikosa: inaruhusu stata kuzunguka ukiwa P au N, na inawasha taa za rivasi.

Tafuta kwenye plagi yake waya mbili za stata. Mafundi wengi huziunga pamoja na kuondoka. Gari litawaka, ndiyo, hata likiwa kwenye gia, na mtoto akizungusha ufunguo litaruka. Zipitishe kwenye swichi ya pedali ya klachi, ili stata isizunguke mpaka pedali ikanyagwe. Waya mbili za rivasi zirefushe mpaka swichi ya giaboksi mpya. Unga kwa kuyeyusha risasi ya kulehemu na uzibe kwa mpira unaojikaza ukipashwa joto. Tepu peke yake itaachia ikipata joto la injini.

Weka kompyuta ya manyuali. Gari litawaka na ile ya otomatiki pia, lakini ikiwa boksi yako iliendeshwa kwa solenoidi (vifaa vidogo vinavyosogezwa kwa umeme), kompyuta itaendelea kuzitafuta na taa kwenye dashi itakusumbua.

HATUA YA 7: HEWA KWENYE KLACHI

Oili ya breki DOT 3. Mmoja anakanyaga na kushikilia, mwingine anafungua nipo ya slevu, anafunga, ndipo pedali inaachiliwa. Rudia mpaka mapovu yaishe, kikopo kisikauke katikati. Jaribu gia zote gari likiwa bado juu ya stendi. Kilomita mia tano za kwanza klachi mpya usiichome kwa kuning'inia mlimani.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali (Donholm): Fundi, nimemaliza kila kitu, gari linatembea, lakini ufunguo unakataa kutoka. Lazima niuache kwenye swichi.

Jibu: Hiyo ni kufuli ya P, kaka. Baadhi ya 110 zina solenoidi ndogo kwenye kitasa cha ufunguo, inayozuia ufunguo mpaka gia iwe P. Sasa P haipo. Fungua kifuniko cha usukani, chomoa plagi ya hiyo solenoidi tu, ufunguo utarudi nyuma na kutoka. Handbreki yako iwe inashika, kwa sababu hakuna P tena ya kukuokoa kwenye mteremko.

Swali (Umoja): Nimetoa hewa mpaka mguu umechoka. Pedali iko juu lakini rivasi inalia inapoingia. Giaboksi mbovu?

Jibu: Usiilaumu giaboksi bado. Mwambie mtu akanyage huku ukitazama fimbo ya slevu. Isiposogea vizuri, bado kuna hewa au raba ya masta inapitisha. Ikisogea vizuri, rekebisha fimbo ya pedali. Hilo likishindwa, pleti imewekwa kinyume, na pole, inabidi ishuke.

Swali (Rongai): Mzee, mimi nina Fielder ya CVT (otomatiki isiyo na gia za hatua). Inawezekana?

Jibu: Toyota waliuza Fielder za manyuali Japani, kwa hiyo vipuri viko duniani, ila hapa mjini ni adimu. Shida kubwa ni umeme. Kompyuta ya injini na ya CVT zinazungumza, na ukibadilisha kompyuta unakutana na imobilaiza (kinga ya wizi inayotambua ufunguo). Fanya tu kama umepata hafukati nzima yenye kompyuta na ufunguo wake. Vinginevyo hapana.

Swali (Kahawa West): Shikamoo fundi. Mume wangu anataka kufanya hivi kwenye Forester yetu. Kuna jambo la kuangalia?

Jibu: Marahaba mama. Moja, na ni kubwa. Gari hilo linaendeshwa na magurudumu manne. Uwiano wa difu iliyomo ndani ya giaboksi lazima ulingane na wa difu ya nyuma. Otomatiki na manyuali mara nyingi hutofautiana. Zisipolingana, magurudumu ya mbele na ya nyuma yanavutana na difu ya kati inaungua mapema. Achukue giaboksi na difu ya nyuma kutoka gari moja, na propela yake (shafti ndefu ya kwenda nyuma), maana urefu nao unaweza kubadilika.

Swali (Pipeline): Logbuku je? Na bima?

Jibu: Namba ya injini iko kwenye bloku, na bloku hujaigusa, kwa hiyo kwa upande wa namba logbuku haina tatizo. Bima waandikie, eleza ulichobadilisha, omba jibu la maandishi, lihifadhi pamoja na risiti za vipuri. Na tazama leseni yako kama inakuruhusu kuendesha manyuali, wako waliofanya mtihani kwa otomatiki pekee.