Kujiandaa kwa upasuaji wa saratani ya tezi dume na kuishi na mpira wa mkojo baada yake

Upasuaji wa kuondoa tezi dume yenye saratani kwa kawaida huchukua saa 2 hadi 4, lakini mpira wa mkojo, yaani mrija unaopitishwa uumeni hadi kibofuni ili kutoa mkojo, hukaa siku 7 hadi 14, na mkojo unaweza kuendelea kuvuja kwa miezi kadhaa. Maandalizi makubwa, kwa hiyo, ni ya kipindi hicho cha pili, ambacho mgonjwa mara nyingi huelezwa harakaharaka siku anayoruhusiwa kurudi nyumbani.

Kwanza mwombe daktari akueleze waziwazi ni upasuaji upi utakaofanyiwa. Tezi iliyovimba bila saratani huondolewa sehemu ya ndani tu, ganda lake likabaki. Yenye saratani huondolewa nzima pamoja na vifuko vya manii, kisha kibofu huunganishwa upya na njia ya mkojo. Jirani anayejisifu kwamba yeye alipona upesi huenda alifanyiwa ule wa kwanza. Baada ya huu wa pili manii hayatoki tena, hivyo anayetaka mtoto alitaje jambo hilo mapema. Ni vyema mke awepo katika mazungumzo hayo, kwa sababu neva za nguvu za kiume hupita ubavuni mwa tezi na si kila mara huweza kunusurika. Hata zikinusurika, nguvu hizo zinaweza kuchukua mwaka mmoja au miwili kurejea.

Mtajie daktari dawa zote unazotumia, zikiwamo aspirini, dawa za kuzuia damu kuganda, za kisukari na hata mitishamba, naye ndiye atakayesema ipi isimamishwe na lini. Sigara iachwe angalau wiki 4 kabla. Uliza pia kama ndugu watahitajika kuchangia damu.

Mazoezi ya misuli ya nyonga yaanze wiki kadhaa kabla ya upasuaji, wala yasisubiri mkojo uanze kuvuja. Lala chali ukiwa umekunja magoti, kisha kaza misuli kama mtu anayezuia upepo usimtoke mbele za watu. Hesabu hadi 5, legeza, hesabu tena hadi 5, na urudie mara 10, mara 3 kwa siku. Matako na mapaja yasikazwe, na pumzi isizuiwe. Mpira ukiwa ndani mazoezi husimama, yakaendelea ukishatolewa.

Wodini utahimizwa kutembea mapema ili damu isigande miguuni, hata kama kidonda kinauma. Nyumbani, mfuko wa mkojo ukae chini ya usawa wa kibofu wakati wote, umwagwe kabla haujajaa, na mpira ufungwe pajani kwa plasta ili usivutike. Osha kwa maji na sabuni pale mpira unapoingilia. Ndani ya kibofu mpira umeshikiliwa na puto dogo lililojazwa maji, kwa hiyo asiuvute mtu yeyote. Anayetoka mkoani ni heri apate pa kukaa karibu na hospitali mpaka utolewe. Mkojo wenye wekundu hafifu ni wa kawaida. Kunywa maji ya kutosha, kula papai na mboga za majani ili choo kiwe laini, maana kujikamua ni hatari kwa mshono, na kama choo chenu ni cha kuchuchumaa, tafuta kiti cha chooni mapema. Kwa wiki 6 usibebe ndoo ya maji wala kupanda baiskeli au bodaboda.

Rudi hospitali bila kungoja kliniki ukipata homa ya nyuzi 38 au zaidi, mpira ukiziba au kutoka, mabonge ya damu yakionekana, mguu mmoja ukivimba au pumzi zikibana.

Siku ya kutolewa mpira nenda na pampasi za watu wazima na suruali ya akiba. Kuvuja hupungua taratibu, kwa wengi ndani ya mwaka mmoja. Mwislamu anayehofia swala amuulize shekhe wake, kwani hukumu ya asiyeweza kuzuia mkojo ipo. Kipimo cha damu cha PSA, protini inayotengenezwa na tezi dume, hufanywa wiki 6 hadi 8 baada ya upasuaji, na kwa kuwa tezi haipo tena, kiwango kinatarajiwa kiwe kidogo mno. Hifadhi majibu yote katika bahasha moja, kwa sababu kinachoangaliwa miaka inayofuata ni kama namba hiyo inapanda.