Swali la kuuliza kabla ya kulipia NP mtandaoni

Kwa muuguzi uliye Marekani unayetaka kusomea NP (nurse practitioner, muuguzi wa ngazi ya juu anayepima na kutibu wagonjwa) mtandaoni: kabla ya kulipa chochote, kiandikie chuo barua pepe uulize ni nani atakayetafuta msimamizi wa mafunzo kwa vitendo, na kama kinaruhusiwa kusajili wakazi wa jimbo lako. Mihadhara utaifuata sebuleni, lakini saa za kuhudumia wagonjwa, ambazo viwango vya kitaifa vya 2022 vinataka zisipungue 750, ni za kliniki. Vyuo vingi humwachia mwanafunzi kazi hiyo ya kutafuta msimamizi, na wasimamizi wengine hudai malipo. Jibu la simu usilitegemee. La maandishi utalionyesha baadaye. Ukihama jimbo katikati ya masomo, jibu hilo halikufai tena. Uliza upya kabla ya kufunga mizigo.