Somo: Kuchagua kisagio cha umeme cha kahawa ya nyumbani, kwa wanywaji wa Mtwara na Lindi

Buni iliyokaangwa na kufungwa vizuri hukaa wiki kadhaa bila kupoteza ladha yake. Ikishasagwa, kwa unyevu wa hewa yetu ya pwani, harufu hupungua siku hiyo hiyo na unga huanza kushikana mabonge. Hiyo ndiyo sababu ya kusagia nyumbani. Sisi wa kusini tuna bahati nyingine: arabika ya Mbinga inatufikia kwa barabara ya Songea, Tunduru na Masasi bila kuzunguka Dar es Salaam, kwa hiyo buni nzuri haiko mbali. Kinachotushinda ni mashine.

Hatua ya 1: Anza na chombo unachopikia

Wengi wakifika dukani huuliza wati ngapi, bei gani. Swali la kwanza liwe: unapikia nini?

Kahawa chungu ya dele, lile birika la kienyeji la kahawa, inayochemka muda mrefu kwenye mkaa, inataka unga laini, lakini haidai sana usawa wa chembe. Maji ya moto yamekaa na unga muda wa kutosha, hivyo chembe ndogo na kubwa zote zitatoa kilichomo. Ukinywa kahawa ya aina hii tu, usitumie fedha nyingi. Kisagio cha visu na chujio la chai vinatosha, na anayekuambia vinginevyo anakuuzia mashine usiyoihitaji.

Chujio la karatasi ni habari nyingine. Maji yanapita kwenye unga dakika 3 hivi, basi. Chembe zikiwa na ukubwa tofauti, zile ndogo mno hutoa uchungu na zile kubwa hutoa uchachu wa kahawa isiyoiva, vyote ndani ya kikombe kimoja. Hapo usawa ndio kila kitu. Frenchi presi, lile birika la kioo lenye chujio la kusukumia chini, inataka chembe kubwa za chenga. Vumbi likizidi humo hupenya chujio na kukwaruza kooni. Moka, kibirika cha Kiitalia cha kuweka jikoni, inataka unga laini kuliko wa karatasi ila usiofikia ule wa espreso, kahawa nzito ya mashine inayosukuma maji kwa presha. Espreso yenyewe inadai kisagio kinachorekebishwa kwa vipimo vidogo sana, na vingi vya bei ya kawaida havifiki huko hata kama boksi limeandikwa hivyo.

Hatua ya 2: Visu au meno

Kisagio cha visu kina kisu kimoja cha chuma kinachozunguka zaidi ya mara 20,000 kwa dakika ndani ya kikombe. Kinakatakata, hakisagi kwa kipimo. Kadiri unavyokiacha kizunguke ndivyo unga unavyokuwa laini, na pia ndivyo unavyopata moto. Zile mashine kubwa za viungo zenye kikombe cha chuma cha gramu 500 au 1000, zinazotangazwa kuwa na wati elfu mbili au tatu, nazo ni za visu. Nguvu yake haizibadilishi kuwa kitu kingine. Zinaunguza harufu ya kahawa kwa joto haraka zaidi.

Kisagio cha meno kina vipande viwili vyenye meno, kimoja kimetulia na kingine kinazunguka. Buni hupita katikati, na nafasi kati ya vipande hivyo ndiyo inayoamua ukubwa wa chembe. Bei yake ni mara kadhaa ya kile cha visu.

Kuwa makini na meno ya uongo. Kuna mashine za bei ya chini zenye sahani mbili butu zinazoponda buni badala ya kuikata. Fungua sehemu ya juu utazame: meno ya kweli yana kingo kali zinazoonekana na kuhisika kwa ukucha, na yanaanza makubwa juu yakiishia madogo chini au pembeni. Sahani yenye vinundu tu, iache.

Meno ya koni, yale ambayo kipande cha kati kina umbo la pia, ya milimita 38 au 40 yanatosha nyumba ya watu wanne au watano. Meno bapa nayo ni mazuri, ila kwenye mashine za nyumbani mara nyingi huzunguka kasi zaidi na huacha unga mwingi ndani. Kwa hewa ya hapa, unga unaobaki ndani ya koo la mashine ni tatizo, kwa hiyo mimi napendekeza koni.

Kuhusu chuma au kauri: mtu wa Shangani au Mikindani, upepo wa chumvi uko mlangoni, atavutiwa na kauri kwa sababu haishiki kutu. Ni kweli haishiki. Lakini kijiwe kimoja kwenye buni za kienyeji kinatosha kuimega. Kama unanunua buni zilizochambuliwa, kauri ni sawa. Kama unanunua kwa kilo sokoni, chukua chuma kisichoshika kutu, na kila mara peta na chambua kwenye ungo kabla ya kusaga.

Hatua ya 3: Soma kibao cha umeme

Kiko chini ya mashine. Tafuta maandishi 220–240V na 50Hz. Ukikuta 120V 60Hz, mashine ilitengenezwa kwa soko la Marekani. Ukiichomeka moja kwa moja kwenye umeme wetu wa volti 230 itaungua, na fundi atakachokuokolea pengine ni boksi tu. Unaweza kuiendesha kwa transfoma ya kushusha umeme, lakini ukijumlisha gharama ya transfoma, mara nyingi ni heri ununue inayofaa.

Wati zisikutishe wala zisikudanganye. Kisagio cha meno cha nyumbani huwa kati ya wati 100 na 200. Mota yenye giya huzungusha koni mara 400 au 500 kwa dakika, polepole na kwa nguvu, na hilo ndilo jema.

Hatua ya 4: Ijaribu kabla ya kulipa

Nenda na gramu 50 za buni zako zilizokaangwa, karatasi nyeupe na chujio la chai. Muuzaji anayekataa mashine isijaribiwe, mwachie mashine yake.

Washa kwanza bila buni. Sauti iwe moja, isiyopanda na kushuka. Mtetemo mkubwa maana yake mhimili haujanyooka, na meno hayatakuwa na nafasi sawa pande zote. Zima, chomoa, kisha shika jino la kati, yaani kile kipande chenye meno kinachozunguka, ulitikise: likicheza pembeni, usinunue.

Saga gramu 15 kwa kipimo kikubwa, mwaga kwenye karatasi, tandaza. Tazama kama kuna punje nusu nzima katikati ya vumbi. Saga nyingine 15 kwa kipimo kidogo kabisa na uzipitishe kwenye chujio la chai uone ni chenga ngapi zinabaki juu. Usihesabu namba zilizoandikwa pembeni. Mashine ya hatua 12 inaweza kuwa bora kuliko ya hatua 40. Linaloangaliwa ni umbali kati ya unga laini kabisa na chenga kubwa kabisa, na kama chombo chako kimo humo katikati.

Mwisho uliza: meno ya akiba yanapatikana? Kama hayapatikani, unanunua kitu cha kutupa. Dai risiti yenye waranti.

Hatua ya 5: Kuseti nyumbani

Kwa chujio la karatasi anza na gramu 15 kwa mililita 250 za maji. Maji yakipita chini ya dakika 2 na kahawa ikawa chachu na nyepesi, kaza kipimo hatua moja au mbili ili unga uwe laini zaidi. Yakizidi dakika 4 na ikawa chungu, legeza. Kwa frenchi presi, gramu 30 kwa nusu lita, dakika 4. Badilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja. Ukigusa kipimo cha unga, usiguse uzito wa buni.

Kukaza kipimo kufanywe mashine ikizunguka, au meno yakiwa matupu. Ukikaza imezimwa na buni zimo katikati, unazibana na unaweza kuvunja kishikizo cha plastiki. Kulegeza hakuna shida wakati wowote.

Kwa kisagio cha visu: usizidishe gramu 20, bonyeza sekunde 2 au 3, achia, tikisa, rudia mpaka ifike sekunde 15 hadi 20 kwa jumla. Chekecha, na kilichobaki kwenye chujio ukirudishe.

Hatua ya 6: Usafi

Usiache buni kwenye bakuli la juu la mashine. Weka za kusaga sasa hivi tu. Kila wiki chomoa waya, toa jino la juu, safisha kwa brashi kavu. Maji yasifike kwenye chuma. Buni nyeusi zinazong'aa mafuta huganda haraka zaidi, kwa hiyo anayezipenda asafishe mara mbili kwa wiki.

MASWALI YA WANACHAMA

Lindi mjini: Mwalimu, shikamoo. Nina blenda iliyokuja na kikombe kidogo cha kusagia viungo. Nikitumie au ninunue kisagio?

Marahaba. Hicho ni kisagio cha visu, umeshanunua. Kwa kahawa ya dele kitumie bila wasiwasi. Shida yake ni harufu ya pilipili manga na bizari. Saga kijiko kimoja cha mchele mbichi mpaka uwe unga, umwage, ufute kwa kitambaa kikavu, ndipo uweke buni. Mchele huu ni wa mashine za visu tu. Kwenye meno ni mgumu kuliko buni iliyokaangwa, na unga wake huganda ndani.

Mikindani: Sisi kahawa bila tangawizi na iliki hatujanywa. Naweza kusaga pamoja na buni?

Kwenye visu, ndiyo. Kwenye meno, hapana. Tangawizi kavu ina nyuzi zinazojifunga kwenye mhimili, mdalasini ni mgumu, na mafuta ya iliki huingia kwenye plastiki yasitoke tena. Twanga viungo kwenye kinu na uvitie ndani ya dele kahawa ikichemka.

Nachingwea: Naletewa buni mbichi, nakaanga mwenyewe. Naweza kusaga siku hiyo hiyo?

Acha zipoe kabisa kwanza, na kama unaweza kusubiri, siku moja au mbili zinaleta ladha iliyotulia kwa sababu gesi ya ukaangaji inakuwa imepungua. Lakini angalia jambo moja: buni iliyoiva nje na kubaki mbichi ndani ni ngumu sana, na ndiyo inayosimamisha mota. Vunja punje mbili tatu kwa kidole kabla ya kumimina. Zikivunjika kwa mlio mkavu, sawa. Zikigoma, zirudi kikaangoni.

Mtwara, Chikongola: LUKU itaniumiza?

Hapana. Mashine ya wati 150 ikizunguka dakika 1 inatumia uniti 0.0025. Uniti moja inakutosha dakika 400 za kusaga.

Newala: Umeme ulikatika katikati ya kusaga. Uliporudi mashine ikawa inavuma tu, haizungushi.

Chomoa haraka. Meno yamejaa buni, na mota haiwezi kuanza ikiwa na mzigo. Ukiiacha ivume itaungua, au fyuzi ya joto iliyo ndani itakatika. Legeza kipimo mpaka mwisho, toa buni za juu, fungua jino, safisha, kisha iwashe tupu. Kuanzia sasa, umeme ukikatika zima swichi kabla haujarudi.

*Nyongeza ya mwanachama ambaye ni fundi umeme:* Hata umeme ukiwa mdogo jioni matokeo ni hayo hayo. Taa zikififia, usisage. Na wanaotumia inveta za bei rahisi kwenye sola wasikilize mota: ikilia tofauti na ikapata moto, inveta hiyo haiifai.

Masasi: Msimu wa korosho umefika. Naweza kusagia korosho kwenye kisagio changu cha meno?

Usithubutu. Karibu nusu ya uzito wa korosho ni mafuta. Ndani ya meno itakuwa uji mzito unaoziba koo lote, na baada ya siku chache utachacha. Tumia visu, korosho iwe kavu, bonyeza sekunde moja moja, na uache mara tu ikiwa chenga.

Kilwa: Kwetu umeme unasumbua. Kwa fedha ile ile, si bora kisagio cha mkono?

Kama mnakunywa wawili au watatu, ndiyo. Fedha yote inaingia kwenye meno, hakuna mota ya kulipia. Kusaga gramu 15 ni dakika moja hivi. Kwa nyumba ya wageni wengi, mkono utachoka.

Mtwara, Shangani: Tangu nisafishe, hata nikiweka namba 1 unga unatoka mnene.

Jino halijakaa mahali pake. Unga ulioganda chini yake unalinyanyua, na unene mdogo tu hapo unaharibu vipimo vyote. Litoe tena, futa kitako chake na mahali linapokalia mpaka chuma kionekane, linganisha alama zake na zile za mashine, bonyeza mpaka ulisikie limeshika. Likikaa sawasawa na unga bado mnene, pitisha ukucha kwenye kingo za meno. Zikiwa butu, nunua meno mapya.