Kabla hujaunda mtandao wa asasi wa kuvuka mipaka

Usajili kwanza. Sheria yetu ya Tanzania ya Mashirika Yasiyo ya Kiserikali ni ya 2002, ikarekebishwa 2019. Isome mwenyewe na kanuni zake, hasa ile ya kutangaza fedha za wafadhili zinazozidi shilingi milioni 20. Usimwachie mhasibu.

Mkalimani awemo kwenye bajeti tangu siku ya kwanza. Maputo ni Kireno. Saa nazo: Lusaka iko nyuma ya Dar kwa saa moja, Dakar kwa saa tatu. Na ukimwambia mgeni "saa tatu" tu, atakuja saa tisa.

Ajenda ipime nchi kwa nchi. Itifaki ya Maputo ya 2003 kuhusu haki za wanawake, Tanzania iliiridhia 2007. Kenya na Uganda ziliridhia 2010, lakini kila moja iliweka kando baadhi ya mambo. Dai moja haliwezi kuandikwa sawasawa kwa wote.

Sasa hili la matamko, nalo naomba usikilize. Tulikuwa kwenye kiofisi chetu Sinza, rasimu tukaituma kwa wanachama Jumatano: asiyejibu hadi Ijumaa saa sita, tumehesabu amekubali. Mimi ndiye niliyeandika sentensi hiyo, na niliiona ya kijanja. Ijumaa jioni tamko likatoka na majina yote chini. Jumatatu dada mmoja wa nchi jirani akanipigia, sauti ya chini: ameitwa kujieleza, karatasi mezani ina jina la asasi yake, na yeye hajawahi kuisoma. Alikuwa kijijini msibani, hakuna mtandao. Asasi ile ilisimama kazi miezi miwili. Sisi huku tulikuwa tunapongezana kwa kutoka gazetini.

Basi tangu hapo: jina haliwekwi bila neno "ndiyo" la maandishi, kutoka kwa watu wawili wa asasi hiyo. Asiyetaka kutajwa aandikwe "wanachama wengine", asiulizwe kwa nini. Tamko likichelewa wiki, lichelewe.

Nywila ya barua pepe asiishike mtu mmoja. Posho zikubaliwe kabla watu hawajapanda ndege. Kadi ya homa ya manjano iangaliwe tarehe. Picha za mkutano nazo, uliza kwanza nani hataki kuonekana.