Kabla hujapiga plasta: kipi kipite kwa waya, kipi kwa hewa

Nyumba yetu ya Uyole, Mbeya, ina kuta za tofali za kuchoma zilizolazwa, nene, kama wengi tunavyojenga huku kwenye baridi. Ruta, kile kiboksi kinachosambaza intaneti, iko sebuleni. Chumba cha mama kipo nyuma, kuta tatu kutoka hapo, na wajukuu wakimpigia simu ya video ilikuwa lazima asimame mlangoni mwa jiko, kitenge mabegani, mpaka maongezi yaishe. Tulipoamua kumvutia waya wa mtandao, rangi ilikuwa imeshapakwa. Fundi alishinda anatindua ukuta kwa nyundo na tindo, vumbi jekundu likaingia hadi kwenye kopo la sukari. Bomba moja tupu la plastiki lingetuepusha na yote hayo. Ndiyo maana nakuandikia wewe uliyefika kwenye linta, kabla fundi wa plasta hajaja.

Anza kwa kutenganisha vitu visivyohama na vinavyohama. Televisheni ya ukutani, kamera ya kona ya nyumba, kompyuta ya mezani na kengele ya geti vikishafungwa vimefungwa, vipe waya. Simu na kompyuta mpakato zinatembea na mwenye nazo, hizo ziachie waifai. Na usidanganyike na maneno "bila waya" kwenye boksi la kamera. Nyingi bado zinataka umeme, na umeme unakuja kwa waya. Sasa kama waya utapita tu, ni heri upite wa mtandao: kamera iliyotengenezwa hivyo hupokea umeme na kurudisha picha kwa waya huo huo mmoja. Ukiiwekea betri swichi ya mtandao, yaani kiboksi kinachozilisha kamera kwa waya huo, umeme ukikatika usiku zinaendelea kuona.

Ukuta nao uupime. Waifai ya gigahetzi 2.4 hupenya ukuta vizuri zaidi ila ni ya polepole. Ya gigahetzi 5 ina kasi lakini huchoka mapema. Bati, zege lenye nondo na kioo kikubwa cha kujitazamia huzuia zote mbili. Huna haja ya kifaa cha bei. Weka simu moja mahali unapotaka ruta ikae, washa hotspoti, kisha ingia chumba kwa chumba na simu ya pili ukicheza video. Inapokwama, weka alama ya chaki ukutani. Hapo panahitaji waya, au ruta ya pili iliyoungwa kwa waya.

Hata kama umeamua kutumia waifai nyumba nzima, zika mabomba. Kila chumba kipate bomba moja tupu kutoka kwenye boksi la ukutani hadi juu ya dari, yote yaelekee sehemu moja. Chukua la milimita 25 badala ya 20, kwa sababu waya wa pili utakuja tu. Kona ziwe za mviringo, si za kuvunja. Ndani acha waya mwembamba wa kuvutia, na midomo izibe kwa karatasi ya mfuko wa saruji, maana udongo wa plasta ukishaingia na kukauka, bomba hilo limekufa. Waya wa umeme usilale humo: uwe na bomba lake, umbali wa shubiri moja hivi, na pale yanapokutana yakatane kama msalaba. Kazi ya umeme mpe fundi mwenye leseni ya EWURA, mamlaka inayosimamia huduma za nishati na maji.

Dukani, kwaruza ncha ya waya kwa kisu. Ukiona weupe ndani ya wekundu, hiyo ni alumini iliyopakwa shaba, irudishe. Na kipande kimoja cha waya wa mtandao kisizidi mita 100.

Kuna mahali ambapo nasema waziwazi usitumie waya wa shaba: kuvuka uwanja kwenda kwenye banda la kuku au nyumba ya mlinzi. Mvua zetu za Novemba hadi Aprili huja na radi, na waya ule unaweza kuileta hadi kwenye ruta na televisheni. Hapo tumia hewa, au faiba, ambayo hupitisha mwanga na si umeme.

Anayekarabati nyumba yenye watu asikimbilie tindo. Pandisha waya darini, ushushe nyuma ya kabati ndani ya mfereji wa plastiki wa kubandika ukutani.

Jioni ya kuamkia plasta, simamisha futi ukutani na upige picha kila ukuta, mabomba yakionekana. Siku utakayotaka kutundika saa sebuleni, utajua pa kugonga msumari.