Namna ya Kuisikiliza Albamu ya Deth Metali Inayosimulia Vita

Mtu anayeisikiliza deth metali, yaani aina ya roki nzito sana ambayo mwimbaji wake hunguruma badala ya kuimba kwa sauti ya kawaida, kwa mara ya kwanza husikia kelele zisizo na kichwa wala miguu, na kabla ya wimbo wa tatu kwisha huwa ameshazima. Simlaumu, kwa kuwa muziki huu haukutungwa kwa ajili ya mtu anayesikiliza huku akifanya shughuli nyingine. Hata hivyo, naamini kwamba albamu ya mtindo wa zamani inayosimulia vita ndiyo mahali pazuri zaidi pa kuanzia, kwa sababu kisa humpa msikilizaji kitu cha kushikilia wakati masikio yake bado hayajazoea. Mfano nitakaoutumia katika maelekezo haya ni ...of Frost and War, albamu iliyotolewa mwaka 2008 na bendi ya Uholanzi iitwayo Hail of Bullets. Nimeichagua kwa sababu inafuata vita vya upande wa mashariki wa Ulaya kuanzia uvamizi wa mwaka 1941 hadi kuanguka kwa Berlin mwaka 1945, na kwa sababu waliokuwamo si wageni wa fani hii: mwimbaji Martin van Drunen alikwisha kuimba katika bendi za Pestilence na Asphyx, na mpiga ngoma Ed Warby alitoka bendi ya Gorefest.

Kwanza ni vyema kuelewa maana ya maneno "mtindo wa zamani". Tunazungumzia sauti iliyojengwa mwishoni mwa miaka ya 1980 na mwanzoni mwa miaka ya 1990, hasa katika studio ya Morrisound mjini Tampa, Florida, katika studio ya Sunlight ya Stockholm chini ya mtayarishaji Tomas Skogsberg, na katika bendi za Uingereza na Uholanzi za wakati huohuo. Nyuzi za gita hulegezwa chini ya kiwango cha kawaida ili sauti iwe nzito, kisha sauti hiyo hupitishwa katika kifaa cha kuikwaruza. Bendi za Stockholm zilipata umaarufu kwa kutumia kifaa cha Boss HM-2, vitufe vyake vikiwa vimezungushwa hadi mwisho, na ndiyo maana gita zao zinaunguruma kama msumeno unaopasua gogo. Katika mtindo huu ufundi wa kuonyesha vidole vyepesi hauthaminiwi sana, bali kinachothaminiwa ni uzito wa rifu, yaani kile kipande kifupi cha gita kinachorudiwarudiwa mpaka kimkae msikilizaji kichwani.

Kabla ya kubonyeza chochote, tenga saa moja ya kusoma historia. Najua wapo wanaosema kwamba muziki unapaswa kujieleza wenyewe, lakini katika albamu ya vita sikubaliani nao hata kidogo, kwa sababu mtunzi ameandika akijua kwamba majina ya mahali yana uzito tayari. Ujue kwamba tarehe 22 Juni 1941 Ujerumani na washirika wake waliivamia Umoja wa Kisovyeti kwa askari zaidi ya milioni 3, katika operesheni iliyopewa jina la Barbarossa. Ujue kwamba mji wa Kisovyeti wa Leningrad ulizingirwa kuanzia tarehe 8 Septemba 1941 hadi tarehe 27 Januari 1944, na kwamba mamia ya maelfu ya raia walikufa humo, wengi wao kwa njaa, ilhali Ziwa Ladoga lililoganda ndilo lililokuwa njia ya kuingizia chakula wakati wa baridi. Ujue kwamba huko Stalingrad askari wa Kijerumani wapatao 91,000 walichukuliwa mateka mwanzoni mwa mwaka 1943, na kwamba waliorudi kwao walikuwa elfu chache tu. Idadi ya Wasovyeti waliokufa katika vita vyote, askari na raia, kwa kawaida hukadiriwa kuwa milioni 27. Ukiwa na mambo hayo akilini, orodha ya nyimbo peke yake itakutisha kabla hujasikia sauti yoyote.

Kuhusu vyombo vya kusikilizia nitasema machache. Spika ndogo ya simu haifai, kwa kuwa hukata sauti zote za chini, na katika muziki huu sauti za chini ndizo zinazobeba kila kitu. Tumia hedifoni au spika zenye besi ya kutosha, wala usiiongeze besi hiyo kwa vitufe, kwa maana gita la besi na gita nyingine zitachanganyikana na kuwa tope. Usikilize kwa sauti kubwa kiasi, lakini ukumbuke kwamba kiwango cha desibeli 85 kinahesabiwa kuwa salama kwa saa 8 tu, na kila desibeli 3 zinapoongezeka muda huo hupungua kwa nusu.

Katika usikilizaji wa kwanza, acha maneno kabisa na ufuate ngoma. Watu wengi huanza na sauti ya mwimbaji kwa sababu ndivyo walivyozoea katika muziki mwingine, na hapo ndipo wanapopotea. Mpiga ngoma ndiye anayekuambia uko wapi: akipokezana kwa kasi kati ya ngoma ndogo na ngoma kubwa ya mguu, kuna mashambulizi, akishuka hadi mwendo wa kati, wenye mdundo wa kuviringika kama mnyororo wa kifaru, jeshi linasonga mbele, na akipunguza mwendo mpaka unahisi kwamba kila pigo linavutwa kutoka kwenye matope, basi umefika mahali ambapo watu wamezama katika baridi, njaa au kushindwa. Mabadiliko haya ya mwendo ndiyo masimulizi yenyewe. Ninasisitiza hasa zile sehemu za polepole, kwa sababu msikilizaji mgeni hudhani kwamba ukali wa deth metali uko katika kasi, ilhali katika albamu hii, kama ilivyo katika kazi za Asphyx, sehemu zinazoumiza zaidi ni zile ambazo gita linaburuzwa taratibu na noti moja inaachwa ilie hadi inyamaze. Kasi hukupa msisimko, na msisimko hupita upesi. Uzito ndio unaobaki kifuani.

Usiruke wimbo, na usiisikilize albamu kwa mpangilio wa kubahatisha ambao programu za muziki hupenda kukuwekea. Albamu nzima haifiki saa moja. Ukiisikiliza kwa mfululizo, utahisi jinsi majigambo ya mwanzo yanavyogeuka kuwa mzigo, jambo ambalo wimbo mmoja uliochomolewa hauwezi kulionyesha.

Mara ya pili, fungua maneno na uyasome sambamba na sauti. Wapo wanaoogopa ngurumo ya waimbaji wa fani hii wakidhani ni kelele za koo tu, kumbe ni ufundi: mwimbaji hutumia pumzi inayotoka tumboni na kutikisa mikunjo iliyo juu ya nyuzi za sauti za kawaida, na asiyejua mbinu hiyo huumia koo ndani ya siku chache. Van Drunen ana namna yake. Hangurumi kutoka chini kabisa kama waimbaji wengi wa Florida, bali hulia kwa sauti kavu iliyopasuka, kama mtu aliyejeruhiwa anayeita kutoka shimoni, na kwa sababu hiyo maneno yake hushikika mapema kuliko ya wenzake. Baada ya kuyafuata maneno kwa nyimbo tatu au nne utashangaa kwamba huhitaji tena kuyatazama kila mstari.

Hapa nataka ukae kidogo kwenye wimbo uitwao "Nachthexen". Neno hilo la Kijerumani maana yake ni wachawi wa usiku, nalo ndilo jina ambalo askari wa Kijerumani waliwapa wanawake wa Kikosi cha 588 cha Kisovyeti cha ndege za kudondosha mabomu usiku. Kikosi hicho kilitokana na juhudi za rubani Marina Raskova, kikaongozwa na Yevdokia Bershanskaya, na marubani wake, waongozaji wa njia na mafundi wake walikuwa wanawake. Walirusha ndege za Po-2 za mbao na turubai, ambazo zilibuniwa kwa mafunzo. Walipokaribia shabaha walipunguza nguvu ya injini na kuiacha ndege iteleze hewani, hivyo walio chini walisikia mvumo wa upepo tu kabla ya mabomu kuanguka. Hadi vita vilipokwisha walikuwa wamefanya safari zaidi ya 23,000. Ukiyajua hayo, sikiliza wimbo huo ukijiweka kwanza mahali pa aliye chini akikodolea macho giza, kisha urudie ukijiweka mahali pa aliye juu ndani ya ndege isiyo na kinga. Ni zoezi ninalolipenda kuliko yote, kwa sababu linakufundisha kumtafuta anayezungumza katika wimbo badala ya kuvutwa na mlio peke yake.

Swali la nani anazungumza lina umuhimu mwingine pia. Wako watu wanaoipamba vita ili kuwavuta vijana kwenye chuki, na sanaa yao haistahili muda wako. Ili kuitambua albamu ya kweli, angalia kama maiti zina uso: je, anayekufa anahisi baridi, anaogopa, anamkumbuka mtu, au ni idadi tu inayompa fahari mshindi? Angalia pia kama kisa kinafuatwa hadi kwenye matokeo yake. Albamu inayoanza na Barbarossa na kwisha na Berlin imekubali kumwonyesha mvamizi mahali safari yake ilipoishia.

Usilidharau jalada, kwa kuwa katika fani hii ni sehemu ya kazi. Mfano ulio wazi ni wa Bolt Thrower, bendi iliyoanzishwa mwaka 1986 mjini Coventry, mji ambao uliharibiwa vibaya kwa mabomu usiku wa tarehe 14 Novemba 1940. Albamu yao ya mwaka 1992, The IVth Crusade, yaani Msafara wa Nne wa Msalaba, ina mchoro wa mchoraji Mfaransa Eugène Delacroix wa mwaka 1840 unaoonyesha wapiganaji wa msalaba wakiingia Konstantinopoli. Msafara huo, uliotoka kwa jina la dini, ndio ulioishia kuuteka na kuupora mji wa Wakristo wenzao mwaka 1204. Katika mchoro huo farasi wa washindi wamesimama juu ya watu wanaoomba kuhurumiwa, na hakuna hata mshindi mmoja anayeonekana kufurahi.

Ukimaliza mara ya pili, subiri siku moja au mbili kabla ya kurudia, kisha usikilize bila maneno na bila kufuata chombo chochote kwa makusudi. Iwapo sehemu za polepole zinakujia kabla hazijaanza, sikio lako limeshakuwa tayari kwa albamu nyingine. Napendekeza iwe Those Once Loyal ya Bolt Thrower, ya mwaka 2005, ambayo mwendo wake wa kati ni rahisi kuufuata. Jalada lake limetokana na michongo ya mnara wa kumbukumbu ya wanajeshi wa mizinga wa Uingereza, uliozinduliwa mwaka 1925 katika eneo la Hyde Park Corner, London. Kwenye mnara huohuo kuna sanamu ya shaba ya askari aliyekufa, amelazwa chali na kufunikwa koti lake. Tafuta picha ya sanamu hiyo, iangalie kwa utulivu, kisha ndipo uanze wimbo wa kwanza.